Ngozi ya Ngoma ya Mganda

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu wanakumbuka kwamba ghala la vifaa vya michezo lilivuja masika yaliyopita. Mipira ilianikwa ikafaa tena, lakini ngoma tatu zilizokuwamo hazikufaa. Vigoma viwili vya gwaride vilipasuka, na ngoma kubwa ya mganda ilioza ngozi upande mmoja, panya wakamalizia kilichosalia. Vigoma ni mali ya shule. Ngoma kubwa si yetu. Ni ya wazee wa mganda wa hapa Liuli, waliotuazima miaka sita iliyopita, nao walipopata habari walimtuma mzee mmoja kwa Mkuu wa Shule kusema, kwa upole kabisa, kwamba ikiwa hatuwezi kuirudisha sauti yake ni heri tuwarudishie mzinga mtupu kabla nao haujaharibika. Mkuu wa Shule aliwaomba wangoje mpaka siku ya mahafali. Kazi ikaangukia chama chetu cha muziki, watu kumi na mmoja.

Nataka kueleza jinsi tulivyochagua ngozi, kwani wengi walituona tukibishana wiki tatu nzima wakadhani tunakimbia masomo ya jioni.

Tangu siku ya kwanza tuligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema ngoma zote tatu zipewe ngozi za plastiki kutoka Dar es Salaam, maana hizi ndizo za kisasa na hazijali mvua. Kundi la pili lilisema zote ziwambwe ngozi ya mnyama, maana ngoma ya plastiki ati si ngoma, ni ndoo. Mimi sikupendezwa na kundi lo lote. Wote walikuwa wamekwisha chagua kabla ya kuzitazama ngoma zenyewe.

Na yafaa kwanza mtu ajue ngoma hii imetoka wapi. Mganda si mchezo wa kale sana kama wengi wadhanivyo. Vita Kuu ya Kwanza iliwahi kufika hapa: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo, hapa hapa Liuli. Wakati huo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe lililofanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Baada ya vita vijana wa pande zote za ziwa waliligeuza gwaride la askari na bendi zao kuwa mchezo. Ng'ambo, Malawi, wanauita malipenga. Ndiyo maana mganda huchezwa kwa safu, kwa kaptula na soksi ndefu, na ngoma yake kubwa ina nyuso mbili kama ngoma kubwa ya bendi. Hata vile vibuyu wanavyovivumia kama tarumbeta vina ngozi yao ndogo: tundu la kibuyu huzibwa kwa utando mweupe wa mayai ya buibui, na huo ndio unaotoa ile sauti ya kuzizima. Kwa hiyo babu zetu walikuwa wakichagua ngozi kwa makini tangu hapo, kila chombo na utando wake.

Basi tukaanza kupima. Kupima ni jambo dogo, lakini ndilo lililomaliza nusu ya ugomvi.

Vigoma vya gwaride ni vya kiwandani, vya duara kamili, inchi 14 kila kimoja, yaani sentimita 35 na nusu. Hilo si jambo la kudhani tu. Ngoma za zamani za kampuni ya Premier ya Uingereza, zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, nyingi zilizidi kidogo vipimo vya kimataifa, na mtu akinunua ngozi ya leo bila kupima haiingii. Vyetu viliingia. Tena vigoma hivi hupigwa kila asubuhi mstarini, Januari na Machi kama Julai, na mvua ya ziwa letu twaijua sote. Kwa kazi kama hiyo plastiki haina mshindani. Kabla ya miaka ya 1950 karibu bendi zote za Ulaya na Marekani zilitumia ngozi ya ndama. Mvua ikinyesha ngozi ililegea, na jua likiwaka ilikaza hata kupasuka. Kisha ikaja karatasi ya plastiki iitwayo Mylar, ya kampuni ya Du Pont ya Marekani, na mwaka 1957 mpiga ngoma mmoja wa Los Angeles, Remo Belli, akaanzisha kampuni ya kutengeneza ngozi za ngoma kwa plastiki hiyo. Haikuchukua miaka mingi ngozi ya ndama ikawa adimu katika bendi.

Lakini plastiki nayo si ya aina moja. Ngozi ya juu ya kigoma cha gwaride, ile ipigwayo, huwa na unene wa robo ya milimita hivi. Ya chini, inayotikisika pamoja na zile nyuzi za chuma, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukiiweka juu kwa kukosea haimalizi wimbo mmoja. Kwa upande wa juu tuliagiza ile ya karatasi mbili zilizolazwa pamoja. Sauti yake ni fupi kidogo, lakini huvumilia, na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hupiga kigoma kana kwamba wanatwanga muhogo.

Sasa ngoma kubwa. Mzinga wake ni wa mninga, umechongwa kwa mkono, na ulipopimwa upande mmoja ulikuwa sentimita 50, upande wa pili sentimita 48 na nusu. Yaani si duara. Ngozi ya plastiki huja imekwisha gandishwa katika pete yake ya madini, duara kamili, haipindi wala haifuati umbo la mtu. Ngozi ya mnyama ikiwambwa mbichi hukauka juu ya mti wenyewe na kuushika ulivyo. Wenzetu wa plastiki walitazama tepu ya kupimia, wakatazamana, wakanyamaza. Zaidi ya hayo, mganda ni mchezo wa kiangazi, baada ya mavuno, na moto wa nyasi hupatikana po pote wa kuipasha ngoma jioni, unyevu wa ziwa ukiilegeza.

Hata hivyo kusema "ngozi ya mnyama" ni kama kusema "samaki": hujaeleza kitu. Mnyama gani? Kaka mmoja alipendekeza kenge, maana Waganda huwamba ngozi ya kenge katika engalabi, ngoma yao ndefu. Ni kweli, na ngozi hiyo hulia kwa ukali mzuri, lakini ni kenge gani wa kutosha sentimita 50, na kenge ni mnyamapori anayelindwa na sheria. Wengi walitaka ngozi ya ng'ombe, kwa kuwa ni pana na ina nguvu. Hapo somo la Fizikia lilitusaidia. Utando ukiwa mzito hutoa sauti ya chini, na ili uupandishe hapana budi kuukaza zaidi; tena ukitaka sauti ipande kwa oktava moja lazima mkazo uwe mara nne, si mara mbili. Mzinga wetu una ufa wa urefu wa kiganja. Tuliuziba kwa gundi na unga wa mbao, tukaufunga waya, lakini hakuna fundi ambaye angethubutu kuuvuta kwa ngozi nzito ya ng'ombe.

Ndipo tukaletewa ngozi ya ndama, pana, nyembamba, bila malipo. Tulifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi. Mwalimu wa Biolojia aliuliza ndama huyo alichinjwa wapi, akajibiwa kwamba hakuchinjwa, alikutwa amekufa malishoni. Mwalimu alituamuru tusiiguse, akatupeleka sote kunawa, akampigia simu bwana mifugo. Baadaye alitueleza habari za kimeta. Mbegu za ugonjwa huo hukaa katika ngozi kavu na katika udongo miaka mingi, na anayeipara ngozi huzivuta pamoja na vumbi. Mwaka 2006 huko Scotland, na tena mwaka 2008 huko London, watu walikufa kwa kimeta kilichohusishwa na ngozi za ngoma. Nchi hizo zina hospitali kubwa kuliko zetu. Sisi hatujui ndama yule alikufa kwa ugonjwa gani, na mimi nasema afadhali ngoma ikae kimya kuliko kubahatisha jambo kama hilo. Wenzangu wawili waliona tumeogopa bure, nao wana haki ya kuandika katika gazeti hili toleo lijalo.

Mwisho tulinunua ngozi mbili za beberu kwa mchinjaji, za mbuzi wakubwa ambao nyama yao ilikwisha kaguliwa na bwana afya. Ngozi ya beberu mkubwa huweza kufunika sentimita 50 na kubakiza kiasi cha sentimita nane kila upande za kukunjia, nayo ni nyepesi, haidai mvuto wa kuumiza mzinga wenye ufa. Tulikataa ile iliyotiwa chumvi, kwani chumvi huvuta maji hewani na ngoma isingekaza kamwe. Hatukutumia chokaa kuondolea manyoya, maana hudhoofisha ngozi. Tuliyaacha mpaka ilipokauka juu ya ngoma, tukayanyoa kwa wembe. Mstari wa uti wa mgongo tuliupitisha katikati kabisa, ili unene ulingane kulia na kushoto.

Kabla ya kuwamba, yule mzee aliyetumwa na wenzake alikuja kutazama. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya kinu. Nilimwonyesha ngozi ya pili, nikamwambia kwamba tunataka kubadili nyuso zote mbili, maana kamba hupita kutoka uso huu hadi huu na kuzivuta pamoja, na ngozi ya upande uliosalia ni ya zamani, yaweza kupasuka. Aliipapasa ile ya zamani muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii tuliiwamba watu wanne. Watatu wamekwisha kufa. Iacheni kwanza."

Basi tuliiacha. Kwa akili ya kazi hilo halikuwa chaguo bora, nami nalisema wazi. Tulilazimika kuivuta mpya kwa upole kuliko tulivyokusudia, na kuiloweka ile ya zamani kingo zake kwa kitambaa kibichi isikatike penye kamba. Tulikausha kivulini siku tano. Watu husema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Kwa binadamu huenda ni kweli, lakini ngoma nilizoziona zimepasuka hazikupasuka kwa kulia, zilipasuka kwa kuanikwa juani zikiwa mbichi na fundi mwenye haraka.

Siku ya sita mzee alirudi na kirungu chake mwenyewe. Akapiga upande mpya mara tatu, akageuza, akapiga wa zamani mara tatu. Nyuso hizo hazilingani. Mpya iko juu kidogo, ya zamani iko chini na ina mkwaruzo. Wenzetu wa kundi la plastiki walicheka kwa siri. Mzee alisema kwamba upande mpya unasema kama kijana, na kwamba ngoma ipigwe kila jioni mpaka mahafali, kidogo kidogo, ili ngozi izoee. Akatazama huku na huku nani atapiga. Mganda ni wa wanaume, sisi wasichana twacheza kioda. Lakini wavulana wa chama walikuwa mtoni wakifua, akanipa mimi kirungu.

Hakusema kama wazee wataichukua ngoma au wataiacha. Watakuja siku ya mahafali kusikiliza, wakiwa na kaptula zao. Mpaka wakati huo ngoma imetundikwa katika ghala mbali na ukuta, chini ya bati jipya. Ngozi ya pili ya beberu imekauka vizuri, tumeikunja pamoja na majani ya mwarobaini dhidi ya wadudu, na kipimo cha ule uso wa zamani kimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Ufunguo wanao wenzetu wa Kidato cha Tatu.