Nyumba Isiyopumua

Najua nimekuwa kimya. Wengine wenu labda mlidhani nimehamia Nairobi kufuata mshahara mnono. La hasha! Niko palepale Amalemba, mjini Kakamega, mimi na kompyuta yangu na mvua yetu. Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala simu mpya. Nataka kuandika juu ya nyumba, na mwisho wa makala nitakiri kosa moja ambalo karibu linigharimu watu wawili.

Huko Ulaya watu hutayarisha nyumba kabla ya theluji kuanguka. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo wengi hufikiri hatuna baridi. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua hapa ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Njoo Julai bila sweta uone.

Nyumba yangu ni ya kupanga: vyumba viwili na sebule, paa la mabati, madirisha ya vyuma yasiyofunga sawasawa. Kazi zangu nazifanyia nyumbani. Vidole vikishaganda, programu haiandikiki. Ndipo nikaamua kutengeneza nyumba kidogo kidogo, kwa pesa za mpangaji.

Kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa kompyuta, nilianza kwa kupima. Nilichukua kibodi kidogo cha ESP8266 na kihisi cha DHT22, kile kinachosoma joto na unyevu, nikakitundika ukutani na kukiambia kiandike namba kila dakika tano. Usiku wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, sebule ilisoma nyuzi 15 na unyevu asilimia 88. Basi, orodha ya kazi ikaanza.

Mlango. Chini yake palikuwa na mwanya wa kupitisha panya. Nilikata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, nikaujaza mchanga mkavu, nikashona ncha zote mbili. Ukiulaza nyuma ya mlango, upepo kwisha. Gharama: sindano na uzi.

Madirisha. Pati inayoshikilia vioo ilikuwa imekauka na kubanduka. Nilikwangua ya zamani, nikaweka mpya kwa kisu cha mezani. Kazi ya alasiri moja, na chumba kiliacha kupiga miluzi usiku.

Paa. Matone yalikuwa yakianguka nusu mita tu kutoka kwenye kompyuta. Nilidhani bati limeoza, kumbe ni raba za misumari zilizopasuka kwa jua. Fundi alibadilisha misumari saba tukamalizana.

Maji. Hapa hesabu ni tamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu lina kama mita 40 za mraba, kwa hivyo mvua ya milimita 20 inaangusha lita 800. Toa yanayomwagika, bado unabaki na zaidi ya lita 600 kwa alasiri moja! Nilimwonyesha mwenye nyumba hesabu hiyo, akakubali tugawane gharama ya gata na tangi. Ukuta uliokuwa ukirushiwa maji na matope sasa umekauka, na ukungu wa chumbani umepungua.

Radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na sisi wa Kakamega hatuhitaji kuambiwa. Mwaka 2023 niliunguza ruta kwa uvivu wa kutochomoa waya. Kizuizi cha umeme cha dukani husaidia stima ikirukaruka, lakini radi ikipiga karibu hakitakuokoa. Dawa ni kuchomoa: waya wa stima, waya wa mtandao na waya wa antena. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Lakini usingoje ifike karibu. Ukishasikia ngurumo, ujue radi inaweza kukufikia ulipo.

Mpaka hapo nilikuwa najipongeza. Joto la alfajiri lilikuwa limepanda hadi nyuzi 17. Nikataka zaidi. Nikatazama juu ya madirisha, nikaona yale matundu ya hewa ambayo mafundi huacha ukutani. Hewa baridi ilikuwa ikiingia pale mchana na usiku. Nikakata katoni, nikayaziba yote kwa gundi ya utepe. Alfajiri iliyofuata: nyuzi 18 na nusu! Nilipiga picha ya grafu.

Wiki mbili baadaye mama alikuja kututembelea kutoka Shinyalu. Jumamosi jioni ilinyesha mvua kubwa ya mawe, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Mimi nilikuwa mjini kwa mteja. Mama aliwasha jiko la makaa nje barazani, akangoja moshi uishe kabisa kama alivyozoea, kisha akaliingiza sebuleni, akafunga mlango na kusukuma ule mfuko wangu wa mchanga mahali pake. Yeye na binti yangu wa miaka sita wakaketi kando ya jiko wakisimuliana hadithi.

Nilifika saa mbili usiku. Mtoto alikuwa ametapika na analia, "Kukhu haniitikii vizuri." Mama alikuwa ameegemea kiti, anasema kichwa kinampasuka, maneno yanamtoka polepole. Ukutani kihisi changu kilikuwa kinaonyesha nyuzi 23. Kwa mujibu wa grafu, hiyo ndiyo iliyokuwa jioni bora kuliko zote.

Nilifungua milango na madirisha yote, nikawatoa barazani, nikamwita jirani ambaye ni muuguzi. Alitazama jiko, akatazama katoni zangu kule juu, akasema neno moja tu: "Hospitali." Huko waliwekwa kwenye oksijeni. Kulipokucha walikuwa wazima, namshukuru Mungu.

Makaa yanayowaka bila moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo mwili unakosa pumzi na wewe unadhani ni usingizi tu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu: wengi huita malaria au chakula kibaya, wakajilaza palepale na jiko lao.

Nilimwomba mama msamaha. Alinitazama akasema, "Baba, jiko kwa jikoni mimi nimelala nalo miaka mingi kijijini. Lakini jikoni yangu ina nafasi kati ya ukuta na nyasi. Nyumba yako umeinyima pumzi." Sikuwa na la kujibu. Nimesoma chuo kikuu, nikapima kila kitu isipokuwa kile kinachoua. Nilishughulikia namba moja nikaona inapanda, nikadhani mfumo mzima unaendelea vizuri. Ni kosa lilelile tunalowacheka wanafunzi wetu wa programu.

Asubuhi ileile nilibandua katoni zote, nikaweka wavu wa mbu kwenye matundu. Joto la alfajiri lilirudi nyuzi 17. Tulinunua blanketi mbili, na mama analala na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso. Inatosha kabisa.

Najua wengine mtaniuliza kuhusu kihisi cha MQ-7, kile cha bei nafuu kinachonusa kaboni monoksidi. Ninacho mezani, nakichezea. Lakini kinahitaji kupashwa joto kwa zamu na kupimwa upya kwa vifaa ambavyo mimi sina, kwa hivyo sitamlaza mtoto nikikitegemea. Anayeweza anunue king'ora kamili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Na hata akiwa nacho, jiko libaki nje.

Basi, ukitaka kutengeneza nyumba yako msimu huu wa baridi, ziba chini ya mlango, kaza vioo, badilisha raba za misumari, kinga maji, chomoa waya. Matundu ya hewa uyaache. Na leo jioni, kabla hujalala, mpigie mama yako simu umuulize jiko analiweka wapi.

Tukijaliwa, wiki ijayo nitarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini kwa sasa.