TV moja, kazi tatu: maelezo kwa mliouliza

Najua nimeadimika humu. Zamu za usiku zimenibana, na nikipata siku ya mapumziko nalala kama gogo. Lakini leo nimejilazimisha kukaa niandike, maana kuna maneno yamenifikia na naona bora niyajibu mara moja kwa wote kuliko kumpigia simu kila mtu.

Novemba 2025 nilituma picha kwenye kundi la familia. Kijana wangu amekaa mezani, anacheka, nyuma yake TV. Nilitaka bibi yake aone alivyonawiri. Kumbe watu hawakumwona mtoto, waliona TV! Siku mbili baadaye dada ananiambia huko Korogwe watu wanasema: "Bati la jikoni kwa mama yake linavuja tangu masika, yeye huko Leicester ananunua TV kama ya ukumbi wa sinema." Sikuuliza nani kasema. Nilinyamaza, ila iliniuma.

Basi acha nieleze. Na kwa wale vijana wanaoniuliza kila siku wanunue kioo gani, nanyi mtapata chenu humu humu.

Kwanza mjue ninapoishi. Nyumba ina chumba kimoja cha kulala, analala kijana. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi linalokunjuliwa. Sebule hiyo ina meza moja ya sentimita 120, na meza hiyo ndiyo ofisi, ndiyo mahali pa kulia chakula, ndiyo kila kitu. Hakuna pa kuweka TV, na kompyuta, na kioo cha gemu, kila kimoja mahali pake.

Mahitaji yalikuwa matatu. La kwanza ni langu. Muuguzi hapa Uingereza lazima athibitishe upya usajili wake kila baada ya miaka 3, na katika miaka hiyo awe na saa 35 za kujifunza zenye kumbukumbu. Mimi nilisajiliwa 2022, kwa hiyo 2025 zamu yangu ilifika, na makaratasi yote nilikuwa najaza kwenye laptop ya inchi 13. Ukishatoka kutazama mashine za wagonjwa saa 12, ukarudi kukodolea kidirisha hicho, shingo inalia. La pili ni taarifa ya habari na mpira. La tatu ni la kijana: gemu.

Nikaanza kwa kosa, kama ilivyo desturi yangu. Nilinunua kwa mtu TV iliyotumika, inchi 32, bei ya kutupa. Nikasema inchi 32 ni kubwa kuliko 13, nataka nini tena? Nikachomeka waya wa HDMI, nikafungua barua ya kazini. Jamani, herufi zilikuwa kama zimechorwa kwa punje za mahindi! Kumbe ukubwa wa kioo ni kitu kimoja na wingi wa nukta ni kitu kingine. TV ile ilikuwa na nukta 1366 kwa 768 tu. Ukikaa mbali kwenye kochi huoni shida, ukikaa mezani unahesabu nukta moja moja.

Mwenzangu wa zamu, Mfilipino mmoja anayependa mambo haya, alinifundisha hesabu wakati wa mapumziko ya saa tisa usiku. Kinachoangaliwa ni nukta ngapi zimo ndani ya inchi moja. TV yangu ile ilikuwa na nukta 49 kwa inchi. Kioo cha kawaida cha ofisini, inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080, kina kama 92. Kioo cha 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, kikiwa cha inchi 43 kina kama 102. Hicho hicho cha 4K kikiwa cha inchi 55 kinashuka hadi 80. Kwa hiyo kubwa zaidi si bora zaidi kama unakaa karibu. Kwa mtu anayesomea mezani na kutazamia kochini humo humo, inchi 43 ya 4K ndiyo katikati. Upana wake ni kama sentimita 95, na meza yangu ni 120. Ikaingia.

Mtauliza, kwa nini si kioo cha kompyuta moja kwa moja? Nilikifikiria. Vingi vizuri kwa kusoma, lakini havina rimoti, havina king'amuzi ndani, na spika zake, kama zipo, zinakoroma tu. Na TV za OLED je? Picha yake inavutia sana, weusi wake ni weusi kweli. Lakini kitu kinachokaa mahali pamoja saa nyingi, kama ule mstari wa chini wa kompyuta, kinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Mimi ninayefungua ukurasa mmoja kutwa nzima siitaki, achilia mbali bei. Nikachukua ya LED ya kawaida, mpya, pauni 229.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi wanapoteza TV nzuri hapa. Ukiitoa kwenye boksi na kuichomeka kwenye kompyuta, herufi zinaweza kutoka na ukungu, hasa nyekundu juu ya nyeusi. TV haijafa. Ili kubana picha, mara nyingi nukta nne zinagawana rangi moja, kama watoto wanne kwenye sahani moja. Kwenye mpira huoni, kwenye herufi unaona. Ingia kwenye mipangilio, taja lile tundu la HDMI kuwa ni la kompyuta, na kwenye TV nyingi kila nukta inapewa sahani yake. Zima pia kule kunoa picha kupita kiasi. Mimi ilibadilika hapo hapo.

Kwa gemu kuna mpangilio wake pia. TV inapenda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunachelewesha. Unabonyeza kitufe, mchezaji anapiga shuti baadaye kidogo. Ukiwasha mpangilio wa gemu, mapambo yanapungua na shuti linakwenda kwa wakati. Wale wanaonisisitizia kioo cha picha 120 kwa sekunde, sawa, kwa PlayStation 5 kina maana. Ya kijana ni PlayStation 4 ya mtumba, haizidi 60. Kwa nini nilipie 60 nyingine ambazo hazitatumika?

Gharama nyingine msiyoijua huko: ukitazama matangazo ya moja kwa moja hapa, ya kituo chochote, au BBC iPlayer, lazima nyumba iwe na leseni ya TV. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Ndiyo, leseni, kama ya gari! Kutazama TV tu.

Haya, hayo ya kioo. Sasa ya kijana, ambayo ndiyo hasa.

Niliondoka nyumbani Machi 2022, akiwa na miaka 9. Alikuja Agosti 2025, ana 12. Kule uwanja wa ndege nilimkumbatia, akasimama kama mti. Si kosa lake, alikuwa amezoea kuniona kwenye simu. Wiki za mwanzo nyumba ilikuwa na maneno mawili tu: "Ndiyo mama" na "Hapana mama." Anatoka shule, anaingia chumbani, mlango unafungwa. Namsikia akiongea na bibi yake kwa simu, anacheka mpaka anakohoa. Nakaa sebuleni nasikiliza kicheko cha mwanangu kupitia ukutani.

Wenzangu kazini waliniambia, mnunulie TV yake ndogo ya chumbani, atatulia. Ningeweza, bei haikuwa kubwa. Lakini niliona nikimpa kioo chake nitakuwa nimemfungia ule mlango mwenyewe, kwa pesa yangu. Ndiyo maana nikataka kioo kimoja, kikae sebuleni, kila mmoja alazimike kukifuata pale.

Jumamosi moja alikuwa anacheza mpira, nikamwambia nifundishe. Nilifungwa 7 bila. Mara ya pili 6 bila, nikasema maendeleo. Katikati ya mechi ya tatu, macho yako kwenye kioo, akasema taratibu, "Mama, shule wananicheka ninavyoongea." Sikugeuka. Wauguzi wenzangu mnajua: ukimkalia mgonjwa usoni ukamuuliza una nini, anasema sina kitu. Ukiwa unamfunga kidonda, mikono inafanya kazi, ndipo anakwambia yote. Nikaendelea kubonyeza vitufe vyangu hovyo, nikamwambia hata mimi walinicheka wodini mwaka wa kwanza, niliposema neno mgonjwa akadhani namtukana. Akacheka. Kile kicheko cha kukohoa. Kisha akanifunga bao lingine.

Siku hizi tuna ratiba imebandikwa ukutani. Saa zangu za kusoma, saa zake za gemu, Jumapili mchana ni ya bibi. Tunamweka mama pale kwenye kioo kizima, uso wake mkubwa kama mlango, yeye anatushangaa sisi kwenye kisimu chake. Nikiwa nimetoka zamu ya usiku anavaa spika za masikioni bila kuambiwa, mimi nalala.

Nirudi kwenye bati. Ni kweli lilikuwa linavuja, na ni kweli nilinunua TV kabla ya bati. Dawa za presha za mama sijawahi kuzikatisha hata mwezi mmoja, lakini pesa ya bati niliisogeza mbele, na nilimwambia yeye kwanza kabla ya kwenda dukani. Mnajua alinijibu nini? "Mvua nimeiwekea ndoo. Mtoto hana ndoo. Nunua." Pesa ya bati nilituma Januari, na kabla ya masika fundi alikuwa ameshapanda juu.

Kwa hiyo aliyesema maneno, simchukii. Picha inaonyesha TV, haionyeshi mlango uliofunguka. Nami ningesema vile vile kama ningekuwa huko.

Na yule binamu anayejidai bingwa tangu enzi za kibanda umiza, ajiandae. Kijana anamsubiri. Mimi sasa nafungwa 3 tu.

Msalimieni kila mtu. Tuonane tena panapo majaliwa.