Mandhari Tuliyowarithisha Vijana

Kijana wa leo anabofya mara mbili tatu, tovuti nzima inabadilika sura. Namtazama kwa furaha, huku naguna. Sisi wa miaka ya tisini tuliandika rangi ya kila kichwa ndani ya ukurasa wenyewe. Bosi akitaka buluu badala ya nyekundu, unafungua kurasa zote, mmoja baada ya mwingine.

Dawa ilikuwepo. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwaka 1994, na Desemba 1996 W3C ikaipitisha: maneno yakae kwao, sura ikae kwenye faili la mitindo. Ila kila kivinjari kilisoma mitindo hiyo kivyake, ndiyo maana wengi tuling'ang'ania majedwali ya kupangia ukurasa kwa miaka. WordPress ilipoleta mandhari katika toleo la 1.5, Februari 2005, tukapumua. Makala zilikaa kwenye hifadhidata, mavazi yake kwenye folda.

Vijana sasa wanavichanganya upya. Wanaweka programu-jalizi ya kuburuta na kudondosha, nyingine huhifadhi rangi na vipimo ndani ya makala. Siku ikizimwa, mwenye tovuti anabaki na mabano ya mraba yaliyotapakaa katikati ya sentensi zake. Nimeshaombwa kusafisha makala za namna hiyo. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayetaka kuilipia.

Wengine hufungua style.css ya mandhari waliyopakua na kurekebisha humohumo. Sasisho likija, yote yanafutika, kisha lawama anabebeshwa mwenye seva. Mandhari-mtoto iliwekwa kwa ajili hiyo: folda moja, ndani yake style.css yenye mstari wa Template unaotaja folda ya mandhari-mzazi, na functions.php ya nyongeza zako. Mzazi anasasishwa, yako hayaguswi.

Skripti ndizo zinaniudhi zaidi. Picha zinazopishana ziko ukurasa wa mwanzo tu, lakini skripti yake inapakiwa hata kwenye ukurasa wa namba za simu! Kwa wp_enqueue_script unataja skripti inategemea ipi nyingine, ni toleo gani, na kama isubiri mwisho wa ukurasa. Ukiitangulizia sharti la is_front_page(), kurasa nyingine hazibebi mzigo huo. Namba ya toleo nayo si pambo. Huambatishwa kwenye anwani ya faili, hivyo ukiibadilisha, kivinjari kinachukua faili jipya badala ya lile kililolihifadhi. Nusu ya malalamiko ya "nimebadilisha lakini haionekani" yangeishia hapo.

Kabla kebo ya intaneti ya SEACOM haijafika mwambao wetu, Julai 2009, tulitegemea satelaiti, na kilobaiti tulizihesabu kama senti. Aliyekulia kwenye kebo hana hofu hiyo. Msomaji wake aliyeko Tandahimba, anayenunua bando la siku, anayo bado.

Kwa hiyo, wanangu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kumkabidhi mteja tovuti, tengeneza nakala ya majaribio, zima programu-jalizi zote za mapambo, washa mandhari ya kawaida, kisha soma makala kadhaa toka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mabano, usidai malipo ya mwisho; kazi bado.