Hesabu ya Darasani na Kazi ya Mikono

Msomaji kijana, yapo maswali ambayo mwalimu huulizwa kila mwaka, na kila mwaka hayana budi kujibiwa upya. Mimi hufundisha hesabu na sayansi huku Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, na swali niulizwalo zaidi ni hili: "Mwalimu, mambo haya yatatufaa nini tukitoka shuleni?" Swali hilo si utovu wa adabu. Mtoto ambaye mzazi wake amejinyima ili alipe karo ana haki ya kujua anachonunuliwa.

Jibu langu la kwanza hulitoa ardhini. Katika kaunti yetu hii ya Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini, ikasafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014. Katika mchanga ule zilichanganyika ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Je, punje ndogo hivyo zilitengwaje? Kwanza zilitiwa maji, zikateremshwa katika mifereji iliyojipinda mfano wa parafujo. Mchanga wa kawaida, ambao sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.6 hivi, ulisukumwa na maji hadi ukingo wa nje. Madini mazito, kama ilmenaiti yenye gramu zipatazo 4.7, yalibaki upande wa ndani. Kisha sumaku zenye nguvu ziliivuta ilmenaiti. Umeme nao ulitenga rutaili, ambayo huupitisha, na zirkoni, ambayo haiupitishi. Uzito na ujazo, sumaku, umeme: hizo ni sura tatu za kitabu chako cha fizikia.

Mgodi ule ulikoma kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024, kwa kuwa madini yaliyofaa kuchimbwa yalikwisha. Ajuaye kitufe cha mtambo mmoja tu, mtambo ukizimwa ujuzi wake huzimika nao. Ajuaye kanuni huhama nayo, maana umeme wa mgodini ni ule ule wa pampu ya kisima, wa majokofu ya samaki na wa hoteli za Diani.

Jibu la pili liko Gazi, jirani zetu. Huko, tangu mwaka 2013, watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Walakini kaboni haionekani kwa macho, wala mti haupandishwi katika mizani ya dukani. Hesabu yake huanza kwa kupima unene wa shina.

Siku moja niliwatoa wanafunzi wangu nje wakapime mti wa uani kwa kamba. Mzingo ulikuwa sentimita 44. Gawanya kwa 22/7, kipenyo ni 14. Kundi moja lililegeza kamba, likapata kipenyo cha 15. Wakacheka: "Ni sentimita moja tu!" Tukakokotoa eneo la duara la shina. Kosa lile dogo liliongeza eneo kwa karibu asilimia 15, maana kipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Wakanyamaza. Walijua wenyewe kwamba mnunuzi akipewa hesabu ya namna hiyo hatarudi, na kijiji kitakosa fedha za maji.

Basi, msomaji, kila ufunzwapo kanuni, iulize inafanya kazi wapi. Nenda kwa fundi wa umeme, kwa mwashi, au kwa mwangalizi wa pampu. Mwamkie, kisha mwombe kwa adabu akuonyeshe kazi yake. Aghalabu utamkuta ana ujuzi wa mikono ambao hakupata kuambiwa jina lake darasani. Wewe unayo majina, lakini mikono yako haijazoea. Kila mmoja wenu ana cha kumpa mwenzake, na mwendo wa kwenda kumwona hauna karo.