Saa Iliyo Nzito kwa Mfiwa



Wahenga walisema, Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Neno hili ni kweli, walakini liko jambo la pili lisilosemwa sana: wa mbali wakiisha kutoka, mfiwa hubaki. Habari ya kubaki huko ndiyo nipendayo kuwaandikia mwezi huu.

Mke wangu alifariki mwaka 2019, akaniachia watoto watatu, na mdogo wao hajatimiza miaka minne. Siku za matanga nyumba yetu hapa Gerezani ilijaa watu hata uani. Wakristo kwa Waislamu walikaa nasi jamvi moja, wakapika, wakachota maji, wala hatukupungukiwa na kitu. Matanga yakaondolewa, kila mtu akarejea kazini kwake, kama ilivyo haki. Ndipo usiku ukawa mrefu. Nilisali kila siku, lakini maneno yalinitoka kinywani kama ya mtu asomaye barua ya mwenziwe.

Juma la pili, alfajiri, bibi mmoja jirani, Mwislamu, mjane aliyezika wana wawili, alipiga hodi na sufuria ya uji. Akawanywesha watoto, akaosha vikombe, akaenda zake. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, hata mwezi ukaisha. Nikamwuliza, "Bibi, huchoki?" Akajibu, "Mwanangu, wanangu walipokufa, alfajiri ndiyo iliyonishinda. Naijua saa hiyo."

Neno hilo likaniingia moyoni. Nikaona ya kuwa msiba humpa mtu elimu ambayo hakuna chuo kiifundishacho. Aliyefiwa ajua ni saa gani iliyo nzito, na ni maneno gani yaumizayo ingawa yasemwa kwa wema. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho maana hii, ya kwamba faraja tuliyopewa na Mungu si akiba ya mtu mmoja, bali twapewa tupate kuwafariji wengine walio taabuni. Basi nikaanza kuwaendea wafiwa wa mtaani katika juma la pili, hapo nyumba inapokuwa kimya.

Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, mwendo mfupi kutoka kwetu. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine wengi waliokolewa. Waokoaji walichimbua kifusi usiku na mchana, na waliokwama chini wakipelekewa maji na hewa. Nami nilikwenda nikaketi na baba mmoja aliyekuwa akimngoja kijana wake. Sikumhubiri. Nilimpa maji, nikakaa naye. Aliniambia mara nyingi, "Mwalimu, huyu hurudi nyumbani saa moja jioni." Kijana hakutoka hai. Siku ya Jumatatu umati mkubwa ulikusanyika Mnazi Mmoja kuwaaga marehemu. Juma la pili nilikwenda nyumbani kwa baba yule, saa moja jioni. Alipofungua mlango alinitazama kitambo, kisha akalia, nasi tukala pamoja.

Jina lenyewe la Kariakoo latufundisha. Latoka katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 hata 1918, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Waafrika maelfu kwa maelfu walibeba mizigo ya vita isiyo yao, na wengi wakafa kwa maradhi mbali na kwao. Wengi wao walitwikwa kwa nguvu. Mzigo wa jirani sisi twajitwika kwa hiari, kwa ajili ya Kristo aliyeubeba wetu.

Sisemi ya kuwa huzuni yangu imekwisha. Alfajiri ni nzito kwangu hata leo, lakini huamka nikijua yuko mtu wa kumwendea, na sala zangu zimekuwa tena maneno yangu mwenyewe.

Basi, walimu, andikeni katika daftari majina ya waliofiwa na siku ya kuondoa matanga. Juma la pili mpelekeni mtu, na afadhali awe ni mtu aliyewahi kufiwa mwenyewe. Asiende na hotuba. Aulize kwa upole ni saa gani iliyo nzito, naye aje saa hiyo. Na wewe uliye katika msiba leo, usijione huna kazi. Yuko jirani aingojaye elimu uliyoipata kwa machozi.

Bwana awalinde nyote majumbani mwenu.

Ni mimi ndugu yenu, mwalimu wa dini, Gerezani.