Mrututu na Sura ya Tatu

Msimamizi wangu aliponirudishia sura ya tatu ya tasnifu, alikuwa ameandika pambizoni swali moja tu: "Mpangilio uko wapi?" Nilikuwa nimeziorodhesha taswira zote za mashairi niliyoyachunguza, nikazihesabu na kuzitia katika majedwali, nikiamini kwamba aliyezijua taswira amelijua shairi. Swali lile lilinikera. Jibu lake sikulipata maktabani, bali kwa sahibu yangu aliyekuwa akisomea kemia.

Alinieleza habari za chumvi mbili za shaba. Ya kwanza ni salfeti ya shaba, ile ya buluu ambayo kwa Kiswahili huitwa mrututu. Ya pili ni asetati ya shaba, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Katika zote mbili ioni ya shaba ni ile ile, na kila ioni ina elektroni moja isiyo na mwenzi. Elektroni hiyo ni kama kijisumaku. Katika fuwele ya mrututu, kila ioni imezungukwa na maji na salfeti, mbali na ioni nyingine, hivyo usumaku wake hubaki wake. Katika asetati, ioni hukaa mbili mbili, zimeunganishwa na asetati nne, kwa umbali wa nanometa 0.26 hivi, karibu sawa na ule ulio baina ya atomu za shaba tupu.

"Basi asetati itakuwa na usumaku mkubwa zaidi," nikadakia. "Umoja ni nguvu!"

Akacheka. Kumbe vijisumaku viwili hivyo huelekea pande zinazopingana, vikafutana. Chumvi hiyo ikipoozwa sana, usumaku huo hutoweka. Joto likipanda, baadhi ya jozi hupata nishati ya kuelekea upande mmoja, nao hurejea kwa kiasi. Mnamo 1952, Bleaney na Bowers wa Chuo Kikuu cha Oxford waliichunguza tabia hiyo, wakakata kauli kwamba ioni hizo lazima zimo katika jozi. Mnamo 1953, van Niekerk na Schoening walichapisha uchunguzi wa fuwele hiyo kwa eksirei, na jozi zikadhihirika.

Usiku ule niliifungua tena sura yangu. Taswira ya bahari ilijitokeza katika mashairi mawili. Katika la kwanza, bahari ilikuwa peke yake katika ubeti, ikabeba matumaini ya msafiri. Katika la pili, ilikuwa katika ukwapi, na kaburi likawa katika utao wa mshororo uo huo. Matumaini yakazimwa papo hapo. Katika jedwali langu zote mbili zilihesabiwa sawa: bahari, moja, bahari, moja.

Sidai kwamba shairi ni chumvi. Nasema tu kwamba nilikuwa nimezihesabu ioni bila ya kuitazama fuwele. Majedwali niliyafuta, nikaiandika sura upya, nikianza na swali la pambizoni: neno hili limekaa na nani?