Rangi ya Nyumba Yetu

Kuchagua rangi ya nje ya nyumba huonekana jambo dogo, lakini kwetu nusura litunyime amani. Baada ya miaka saba ya kujenga kidogo kidogo hapa Moshi, tulibaki na fedha za upatu tu, na ada za watoto zilikuwa zinasubiri. Rangi tutakayoichagua ndiyo tungekaa nayo miaka mingi.

Mmoja wetu alitaka nyeupe, kwa kuwa hupunguza joto la jua. Mwingine alitaka damu ya mzee, akisema udongo wetu ni mwekundu, na masika mvua ikirusha matope, ukuta mweupe huchafuka mara moja. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Siku kadhaa tulikula bila mazungumzo.

Ndipo tulipokubaliana kuacha kubishana, tutazame. Tulinunua makopo mawili madogo, tukapaka vipande vya mita 1 upande wa mashariki na wa magharibi, tukavitazama asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Jua la saa tisa lilipopiga damu ya mzee, ukuta ulichoma mkono, na upande huo ndiko waliko watoto. Mvua iliponyesha, matope yaliruka, lakini hayakupita magoti. Basi tukachagua krimu juu, na chini ukanda wa damu ya mzee wa futi 3. Kila mmoja alipata, na kila mmoja aliachia.

Kwa mnaojiandaa, lipu mpya iacheni ikauke takriban siku 28, kisha ipakwe praima. Pimeni kuta kwanza: lita 1 hufunika kama mita za mraba 10 kwa kupaka mara moja. Nunueni rangi yote kwa pamoja, maana ndoo ya baadaye yaweza kutofautiana kidogo. Tena ulizeni kama haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na huharibu ubongo wa mtoto.

Rangi yetu itapauka siku moja, tutapaka nyingine. Tunamshukuru Mungu kwamba tulisikilizana kabla ndoo haijafunguliwa. Dada mpendwa, kaa na mwenzio mzungumze kabla ya kumwita fundi.